Ndevu za bandia, mapenzi ya kweli

Wanawake wa Iran walipigwa marufuku uwanjani kwa karibu miaka 40. Wengine walijigeuza wanaume ili waione timu yao. Leo geti limefunguliwa kidogo, ila ufunguo bado uko mfukoni mwa mtu mwingine.

APRILI 2018, jijini Tehran. Persepolis wapo uwanjani katika msimu ambao walibeba ubingwa wa Iran. Jukwaani, katikati ya maelfu ya wanaume, wamekaa vijana watano. Wana ndevu, wana rangi nyekundu ya timu, wanaimba na kushangilia kama mashabiki wengine wowote kindakindaki.

Picha yao ilipoingia mitandaoni ndipo watu wakashtuka. Wale vijana watano walikuwa wasichana. Ndevu zilikuwa za bandia. Nywele nazo, wigi.

Picha ile nimeiangalia mara nyingi. Kinachonigusa kila mara siyo ujanja wao wa kupita getini, ni sura zao. Ukizitoa zile ndevu, unabaki na sura unazoziona kila wiki pale kwa Mkapa: watu wenye furaha ya kuwa karibu na timu yao. Kitu ambacho mimi na wewe tunakipata kwa kununua tiketi tu, wao walikipata kwa kuhatarisha kukamatwa.

Kwa anayeuliza haya mambo ya Tehran yanatuhusu nini sisi wa Dar, Mwanza au Mbeya, nipe dakika chache. Ni habari ya mpira, na ni habari ya ushabiki ambao wewe unaujua vizuri kuliko mtu yeyote.

Wekundu na Bluu

Tehran nayo ina watani wake wa jadi. Persepolis wanavaa nyekundu, Esteghlal wanavaa bluu. Siku wakikutana, jiji linagawanyika. Kuna nyumba baba ni Bluu na mtoto ni Mwekundu, na chakula cha usiku kinalika kwa kununiana. Hayo tunayajua, tuna Simba na Yanga.

Uwanja wao mkubwa unaitwa Azadi. Ulifunguliwa mwaka 1971 na enzi fulani ulikuwa unameza hadi watu 100,000. Baada ya kuweka viti, sasa unachukua kama 78,000. Neno Azadi kwa Kiajemi maana yake ni uhuru. Yaani ni Uwanja wa Uhuru, kama huu wetu wa pale Temeke.

Ila katika Uwanja wa Uhuru wa Tehran, nusu ya raia wa nchi walikuwa hawaruhusiwi kuingia.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kabla ya Mapinduzi ya mwaka 1979, wanawake wa Iran walikuwa wanaenda mpirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaanza kuzuiwa. Cha kushangaza, hakuna sheria iliyopitishwa na Bunge lao ikisema mwanamke asiingie uwanjani. Lilikuwa katazo la wakubwa, likageuka mazoea, na mazoea yakawa na nguvu kuliko sheria.

Sababu waliyopewa wanawake ni kwamba uwanjani kuna matusi, na kuna wanaume wamevaa nusu uchi, kwa hiyo wanalindwa. Hebu itafakari hiyo. Anayetukana anabaki ndani na tiketi yake. Anayelindwa dhidi ya matusi anafungiwa nje. Ingekuwa ni kosa la beki, halafu refa anampa kadi nyekundu straika aliyechezewa rafu.

Siku geti lilipozidiwa

Novemba 29, 1997, Iran walikuwa Melbourne wakicheza na Australia, mechi ya marudiano kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia la Ufaransa 1998. Ya kwanza, Tehran, ilikuwa sare ya 1-1. Kule Melbourne, Australia wakatangulia 2-0. Watu wakaanza kukata tamaa. Karim Bagheri akarudisha moja, Khodadad Azizi akaweka la pili. Ikaisha 2-2, na Iran wakafuzu kwa bao la ugenini.

Tehran ililipuka. Watu walicheza barabarani, wanaume kwa wanawake. Timu iliporudi ikaandaliwa mapokezi Azadi. Wanawake wakaambiwa wabaki nyumbani, waangalie kwenye televisheni.

Hawakubaki. Walijazana nje ya uwanja kwa maelfu, wakadai kuingia, na mwishowe wakasukuma hadi wakazama ndani. Askari walizidiwa. Hawakuwa wamekwenda kumpindua mtu. Walikwenda kuwapokea Bagheri na Azizi, basi.

Siku ile ilionyesha kitu kimoja. Wanawake walikuwa wanaufuata mpira muda wote huo. Miaka ya kufungiwa nje haikuua ushabiki wao hata kidogo.

Miaka minne baadaye, Novemba 2001, Ireland walikwenda Tehran kwenye mechi ya mchujo wa Kombe la Dunia. Wanawake wachache wa Ireland waliosafiri na timu yao waliruhusiwa kuingia Azadi. Wanawake wa Iran, wenye uwanja wao na timu yao, wakabaki nje. Ebu jiweke kwenye nafasi hiyo: mgeni anaingia kwenu, wewe unaambiwa usimame barazani.

Filamu, tamko na kurudi nyuma

Muongozaji wa filamu Jafar Panahi alikuwa na binti aliyezuiwa kuingia uwanjani. Kutokana na hilo akatengeneza filamu iitwayo Offside, inayohusu wasichana waliojivika kiume ili waione Iran ikicheza na Bahrain, mechi ya kufuzu Kombe la Dunia la 2006. Sehemu ya filamu alipiga siku hiyohiyo ya mechi yenyewe, Juni 2005. Ilishinda tuzo ya Dubu wa Fedha kule Berlin mwaka 2006. Nyumbani Iran ikapigwa marufuku.

Mwaka huohuo, Aprili, Rais Mahmoud Ahmadinejad akatangaza kwamba wanawake wataruhusiwa kuingia viwanjani. Watu wakashangilia. Wiki chache tu baadaye, baada ya viongozi wa dini kupinga na Kiongozi Mkuu wa nchi kutia neno, tamko likafutwa.

Hapo ndipo kwenye moyo wa habari hii. Kuna tofauti kubwa kati ya ruhusa na haki. Ruhusa ina mwenyewe. Anaitoa Jumatatu akiwa amefurahi, anaichukua Alhamisi akikasirika. Wanawake wa Iran wameishi kwenye kuruhusiwa na kunyimwa kwa miaka mingi, na kila geti likifunguka wanajua kabisa linaweza kufungwa tena.

FIFA nayo ilikuwa wapi? Katiba yake, kifungu cha nne, inakataza ubaguzi wa kijinsia na inasema adhabu yake inaweza kufika hadi kufungiwa. Kwa miaka mingi kifungu hicho kilikuwa kimekaa benchi, hakiingii hata dakika za nyongeza. Machi 2018, rais wa FIFA Gianni Infantino alikwenda Azadi kuangalia dabi ya Persepolis na Esteghlal. Yeye akiwa ndani, nje wanawake 35 walishikiliwa kwa kujaribu kuingia.

Novemba mwaka huohuo alirudi kwa fainali ya Ligi ya Mabingwa Asia kati ya Persepolis na Kashima Antlers ya Japani. Safari hiyo mamia ya wanawake walikuwa jukwaani. Wengi walikuwa watu waliochaguliwa, zikiwemo familia za wachezaji na viongozi. Shabiki wa kawaida wa kike, yule wa mtaani, bado alikuwa nje.

Binti wa Bluu

Machi 2019, msichana mmoja aliamua naye kwenda Azadi. Jina lake Sahar Khodayari, umri wake miaka 29, timu yake Esteghlal. Siku hiyo walikuwa wanacheza na Al Ain ya Falme za Kiarabu katika Ligi ya Mabingwa Asia. Alivaa koti refu na wigi ya bluu, rangi ya timu yake. Akakamatwa.

Kesi ikaendelea kwa miezi. Septemba 2 alifika mahakamani. Hukumu haikuwa imetolewa, lakini ilielezwa kwamba alisikia huenda akafungwa miezi sita. Nje ya jengo lile la mahakama alijichoma moto. Alifariki hospitali siku saba baadaye, Septemba 9, 2019.

Mashabiki wakampa jina: Binti wa Bluu.

Sitaki kupamba kifo chake. Hakuna mechi inayostahili uhai wa mtu, na hakuna aliyepaswa kufikishwa pale. Ninachotaka tukione ni udogo wa kile alichokuwa anakitaka. Hakutaka cheo wala pesa. Alitaka dakika 90 za kuwaona Esteghlal kwa macho yake. Mimi na wewe tunazipata dakika hizo halafu tunaondoka dakika ya 80 kukwepa foleni.

Msiba wa Sahar uliutikisa mpira wa Iran. Ali Karimi, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa kuwahi kutokea nchini humo, aliwaambia watu wasusie viwanja. Klabu za nje zikatuma salamu zao. Na FIFA, iliyokuwa inaongea kwa upole, safari hii ikawabana Iran: mechi ya kufuzu Kombe la Dunia inakuja, wanawake waingie.

Mabao 14 na uzio

Oktoba 10, 2019, Iran dhidi ya Cambodia. Wanawake wakauziwa tiketi kama 3,500 kwa uwanja wa watu 78,000. Ziliisha upesi mno. Waliotaka zaidi wakaambiwa hakuna, huku sehemu kubwa ya majukwaa ya wanaume ikiwa tupu siku hiyo.

Walikaa upande wao, wamezungushiwa uzio, askari wa kike wakiwasimamia. Na Iran wakafunga mabao 14-0. Karim Ansarifard alifunga manne, Sardar Azmoun matatu. Mechi ya upande mmoja kabisa, ila ukiangalia picha za jukwaa lile la wanawake utadhani ni fainali. Wapo waliokuwa wanapuliza mavuvuzela. Wapo waliokuwa wanalia. Kwa wengi wao ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona nyasi za Azadi bila kioo cha televisheni katikati.

Je, mambo yakaishia hapo? Mwenye kumbukumbu ya mwaka 2006 alijua jibu.

Machi 29, 2022, Iran walicheza na Lebanon mjini Mashhad. Wanawake kama 2,000 walikuwa na tiketi halali mkononi. Wakafika, geti limefungwa. Waliopiga kelele wakapuliziwa gesi ya pilipili. Ndani Iran wakashinda 2-0, nje wenye tiketi wanapangusa macho. Ile ruhusa ya Tehran ilikuwa haijafika Mashhad.

Agosti 25, 2022, wanawake wakaruhusiwa kuona mechi ya ligi ya ndani, Esteghlal dhidi ya Mes Kerman. Sahar angekuwa na miaka 32. Na timu iliyofungua ukurasa huo ilikuwa ya kwake.

Wiki tatu hivi baadaye, Septemba 16, binti mwingine wa Kiirani, Mahsa Amini wa miaka 22, akafariki baada ya kukamatwa na polisi wa maadili kwa madai ya kutovaa hijabu inavyotakiwa. Nchi ikawaka maandamano. Mpira nao haukuweza kukaa pembeni. Novemba 21, kule Qatar, wachezaji wa Iran walisimama kimya wimbo wao wa taifa ukipigwa, kabla hawajafungwa 6-2 na England. Wapo wanaokumbuka mabao ya siku ile. Mimi nakumbuka ule ukimya.

Na kapteni naye anaomba ruhusa

Hadi hapa tumeongelea jukwaani. Lakini mwanamke anayecheza je, yule ambaye nchi inamhitaji ili ishinde?

Niloufar Ardalan alikuwa kapteni wa timu ya taifa ya futsal ya wanawake ya Iran. Walimwita Lady Goal, na jina lenyewe linakueleza kazi yake. Septemba 2015 timu ilikuwa inakwenda Malaysia kwa ubingwa wa Asia. Pasipoti yake ilihitaji kufanywa upya, na sheria ya Iran inamtaka mwanamke aliyeolewa awe na idhini ya mumewe ndipo apewe. Mumewe akakataa. Alitaka mama awepo siku mtoto wao anapoanza shule.

Kapteni akabaki nyumbani. Timu ikaenda bila yeye, ikawafunga Japani 1-0 fainali, ikabeba kombe. Yeye akaangalia kwa mbali.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba mume yule naye ni mwandishi wa michezo. Mtu wa fani yangu, anayejua kabisa fainali ya Asia ina uzito gani kwa mchezaji.

Ardalan hakunyamaza. Alisema hadharani, habari ikazunguka dunia, na Novemba mwaka huo vyombo vya sheria vikampa kibali akacheze mashindano ya dunia kule Guatemala. Kibali cha safari moja. Tazama neno lilivyorudi tena: kibali, ruhusa. Sheria yenyewe ikabaki palepale.

Tusijifanye malaika

Nimekulia jukwaani. Baba alianza kunipeleka mpirani nikiwa darasa la tatu, mimi na skafu iliyonizidi urefu. Sijawahi hata mara moja kuulizwa getini kwa nini mtoto wa kike anaingia. Nilidhani ni jambo la kawaida duniani kote, mpaka nilipoanza kusoma habari hizi.

Ila tuseme ukweli. Geti letu liko wazi, lakini muulize dada yako siku ya dabi, ule msukumano wa kuingia, mikono ya watu inapita wapi. Muulize kwa nini anavaa suruali mbili. Mimi mwenyewe kwenye kazi hii nimeshaulizwa na mtu mzima kabisa, katika chumba cha waandishi, nimemsindikiza nani. Nilimjibu kwamba nimekuja kumuuliza kocha kwa nini anacheza na mabeki watano. Akacheka, mimi sikucheka.

Kwa hiyo hatusomi habari za Iran ili tujione bora. Tunazisoma tujue kwamba kiti cha mwanamke jukwaani ni kitu ambacho mahali fulani watu wamekilipia kwa gharama kubwa mno. Hapa kwetu kazi iliyobaki ni kuhakikisha akishaingia anakaa kwa amani.

Dabi ya kwanza

Desemba 2023 wanawake waliingia Azadi kuangalia dabi ya Persepolis na Esteghlal. Walikuwa kama 3,000, Wekundu na Bluu. Kwa mara ya kwanza tangu enzi za bibi zao, waliweza kuzomeana kihalali.

Miezi minne baadaye, Aprili 2024, shabiki mmoja wa kike aliruka kutoka jukwaani na kukimbilia uwanjani baada ya mechi ya Esteghlal na Aluminium Arak. Kipa wa Esteghlal, Hossein Hosseini, alimkumbatia wakati walinzi wakimzonga. Kwa kumbatio lile kipa alifungiwa mechi moja na kupigwa faini. Hosseini akasema faini atailipa, kwa heshima ya dada yule.

Ndivyo hali ilivyo. Mlango umefunguliwa nusu. Kuna mechi wanaingia, kuna mechi hawaingii, kuna mji unakubali na mji unaokataa. Kila hatua waliyopiga ilipatikana kwa kusukuma: wale wa 1997, wale wa ndevu za bandia, wale 35 waliokamatwa, wale wa Mashhad waliopuliziwa pilipili na tiketi mkononi. Na Sahar.

Wale wasichana watano wa 2018 hawakutaka kuwa mashujaa. Walitaka kuwa mashabiki. Siku ambayo msichana wa Tehran atanunua tiketi ya mechi yoyote, mji wowote, akafika getini na mkaguzi akaangalia tiketi tu, siyo uso, hapo ndipo itakuwa haki na siyo ruhusa tena.

Wikiendi hii ligi inaendelea. Ukifika getini na tiketi yako, na mbele yako yupo dada kavaa jezi ya wapinzani, mpishe aingie. Mtataniana mkishakaa.